Mikanda ya fimbo za kupandia mlima: ipi inauachia mkono mapema kwenye miteremko ya Gombe?

Fimbo ya kupandia mlima hununuliwa kwa kutazama chuma chake: inakunjwa vipande vingapi, inakazwa kwa kuzungusha au kwa komeo la pembeni, ni nyepesi au nzito. Mkanda wa mkono haumshughulishi mtu. Ni utepe wa nailoni unaochomoza kichwani mwa kishikio, na muuza mitumba sokoni Mwanga, Kigoma, akiukuta umechakaa huukata kwa wembe ili fimbo ipendeze. Lakini kwa anayepanda Gombe au Mahale, hifadhi za sokwe kando ya Ziwa Tanganyika, utepe huo ndio unaoamua kama akianguka atainuka na vumbi tu au atainuka kashika gumba lake.

Hapa tumelinganisha mikanda mitano inayopatikana au inayoweza kutengenezwa Kigoma mjini: ule wa kawaida unaokuja na fimbo, ule wa kujiachia wa kampuni ya Leki ya Ujerumani, na mitatu ambayo fundi viatu anaweza kuishona, mmoja kwa klipu ya begi, mwingine kwa velkro, na wa mwisho kwa ile klipu ndogo ya plastiki inayokaa nyuma ya shingo kwenye kamba za vitambulisho. Tuseme mapema: huo wa mwisho, wenye gharama ndogo kuliko yote, ndio tunaoupendekeza kwa Gombe. Ila una masharti yake, na fundi asipoyafuata ni heri utembee na fimbo isiyo na mkanda kabisa.

Mkanda wa theluji kwenye changarawe

Mikanda hii imetoka kwa watu wanaoteleza kwenye theluji. Mtu akidondosha fimbo kwenye theluji laini, yeye anaendelea kushuka kwa kasi na fimbo inabaki juu. Kurudi kuifuata ni kazi ya kukatisha tamaa. Ndiyo maana mkanda ukafanywa wa kung'ang'ania. Ubaya wake unaonekana kwenye miti: kile kisahani cha chini ya fimbo hunasa kwenye tawi, mwili unaendelea na safari, bega linabaki nyuma. Watelezaji wazoefu huvua mikanda wakiingia msituni, na huivua pia wakikatisha mteremko wenye hatari ya maporomoko ya theluji, kwa kuwa fimbo iliyofungwa mkononi huuvuta mkono chini na kumnyima mtu nafasi ya kujinasua. Hata kabla ya kukalia kiti cha kamba kinachowapandisha mlimani, wanaelekezwa kuitoa mikono kwenye mikanda.

Gombe ni msitu na mteremko kwa pamoja. Kutoka ufukwe wa Kasekela, ambako ziwa liko kwenye mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, ardhi inakwea ukuta wa bonde la ufa hadi kupita mita 1,500 ndani ya kilomita chache tu. Mabondeni, kama lile la maporomoko ya Kakombe, kuna mizizi, mawe yenye ukungu na mitambaazi. Ukipanda kwenye migongo ya vilima unakuta nyasi na changarawe isiyoshikana, ambayo miezi ya kiangazi, Juni hadi Septemba, huteleza kuliko tope la masika. Tena sokwe hawafuati njia ya watalii. Mwongozaji akisikia mlio wao bondeni, mnaacha njia na kupenya vichakani, na fimbo inanaswa kila hatua ya pili. Mahale nako, anayekwenda kileleni Nkungwe, mita 2,462, anapanda karibu mita 1,700 kutoka ziwani na lazima azishuke zote. Magoti yanaitaka fimbo. Tatizo ni namna inavyofungwa mkononi.

Mkanda wa kawaida

Tuanze na haki yake. Kwa kupanda, hakuna unaoushinda. Mkono ukiingizwa kutoka chini kwenda juu, kisha ukashushwa ili kushika mkanda na kishikio kwa pamoja, uzito unakaa kwenye mkanda, vidole vinapumzika, na unaisukuma fimbo bila kuikaba. Urefu wake unarekebishwa kwa kabari iliyofichwa kichwani mwa kishikio: vuta mkanda kwenda juu kabari itoke, telezesha upande mmoja, kisha vuta kwenda chini ikaze tena. Kipimo ni rahisi. Vaa mkanda, legeza vidole vyote, mkono uning'inie ndani yake. Ile nafasi kati ya gumba na kidole cha shahada iwe sawa na shingo ya kishikio. Ikiwa chini zaidi, mkanda ni mrefu na hausaidii lolote.

Wengi huuvaa kinyume, mkono ukitoka juu kwenda chini kama bangili. Hapo mkanda haubebi uzito, unabaki kuwa pingu. Mtu anapoteleza, fimbo inamfuata.

Hata ukiuvaa sawasawa, gumba bado liko hatarini. Ukianguka mbele na kishikio kikabaki kiganjani, unapoiweka mikono chini kishikio kinakuwa wenzo kati ya gumba na ardhi, na gumba linasukumwa nje, mbali na vidole vingine. Kinachochanika ni kano ya upande wa ndani kwenye shina la gumba, ule unaotazama kidole cha shahada. Madaktari wa nchi za theluji wanaifahamu sana ajali hii, kiasi cha kuiita gumba la mtelezaji. Dalili yake: shina la gumba linavimba, na kubana kitu kwa gumba na shahada, mfano kuzungusha ufunguo mlangoni, kunauma au hakuwezekani. Mwenye dalili hizo afike hospitali ya Maweni, Kigoma mjini, siku hiyo hiyo au kesho yake, asianze na kuchuliwa kwa mafuta. Kano iliyokatika kabisa mara nyingi huhitaji upasuaji, na kadiri unavyochelewa ndivyo kuirudisha kunavyokuwa kugumu. Mkanda hauiumbi ajali hii peke yake, maana hata asiye na mkanda anaweza kuanguka kakikaba kishikio. Ila asiye na mkanda anaweza kukitupa. Aliyefungwa hawezi.

Kwa hiyo mkanda mzuri tunaupima kwa mambo mawili: unavaliwa na kuvuliwa haraka kiasi gani kwa mkono mmoja, na unaachia kwa nguvu gani pale usipoambiwa uachie. La kwanza wauzaji hulitaja. La pili halitajwi popote.

Leki na mfumo wake wa Trigger

Huu ndio mkanda uliofikiriwa hadi mwisho. Kitanzi kinabaki mkononi. Kina kipande kidogo kinachoingia kwenye mdomo wa kishikio na kukwama kwa mlio. Ukitaka kutoka unabonyeza kitufe kichwani, mkono uko huru na mkanda ungali kiganjani. Ukianguka na mkanda ukavutwa kwa nguvu kuelekea juu, kipande kinachomoka chenyewe. Ubora wake ni huo wa mwelekeo. Ukiegemea chini hauachii, ukinyakuliwa juu unaachia. Kitanzi cha kushona mtaani hakiwezi kufanya hivyo, kwa sababu utepe laini hujinyoosha kila unakovutwa.

Sasa kasoro, kwa mkazi wa Kigoma. Mkanda na kishikio ni pacha, kimoja bila kingine hakina maana. Katika mitumba mara nyingi unakuta fimbo tupu, vitanzi vyake vilishapotea huko ilikotoka, na spea hazipo Mwanga wala Ujiji. Mdomo wa kishikio nao haupendi mchanga: chembe zikijaa, kipande hakiingii hadi mwisho, na usiposikia ule mlio ujue hujafunga. Suuza kwa maji safi, pigapiga kichwa cha fimbo kwenye kiganja, usitie mafuta ya kupikia wala grisi, yanakusanya vumbi. Ukiipata ikiwa kamili na vitanzi vyote viwili, nunua. Ukiipata bila vitanzi, ilipie kama fimbo ya kawaida, si zaidi.

Klipu ya begi: haraka, lakini

Hii ndiyo inayofikiriwa kwanza na kila fundi: kata mkanda, shona klipu ile ya mabegi ya shule yenye masikio mawili ya kubonyeza. Kwa uharaka inapata alama zote. Unabonyeza, mkono umetoka. Lakini klipu ya begi imeundwa isifunguke ikivutwa. Hiyo ndiyo kazi yake kwenye begi. Ukianguka huna mkono wa pili wa kuibonyeza, maana nao una fimbo. Kwa usalama haijaongeza kitu juu ya mkanda wa kawaida, na inakuwekea donge la plastiki kwenye mfupa wa kifundo cha mkono. Tusipoteze muda nayo.

Velkro

Velkro, ule utepe wa kubandika wenye upande wa ndoano na upande wa manyoya, ina tabia mbili ambazo fundi lazima azijue. Ukiivuta kwa kuitelezesha, upande mmoja ukiburuzwa juu ya mwingine, inashika sana. Ukiibandua kutoka pembeni inaachia bila ubishi. Kwenye mkanda wa fimbo maungio yake yanavutwa kwa kuburuzwa, kwa hiyo nguvu ya kuachia inategemea eneo linalokutana. Kwa utepe wa upana wa milimita 25, sentimita mbili hadi tatu za kupandana zinatosha kuanzia. Ukiweka sentimita sita kama mafundi wanavyopenda, umerudi kwenye pingu. Uzuri wake ni kwamba unaweza kuipunguza kwa mkasi kidogo kidogo mpaka ifike unapotaka.

Tungekuwa tunaishi mahali pakavu tungeisifu zaidi. Velkro ya nailoni ikilowa inapoteza sehemu kubwa ya ung'ang'anizi wake, na ikikauka inaurudisha. Kwa hiyo mkanda uliopimwa Agosti ni mkanda mwingine kabisa ifikapo Desemba. Mbegu za nyasi za vilimani nazo hujaa kwenye upande wa ndoano, na kuzitoa kunataka mswaki mgumu na subira. Kwa msimu mmoja wa kiangazi, sawa. Kwa mpagazi au mwongozaji anayefanya kazi mwaka mzima, hapana.

Kuna pia wanaounga kwa pete iliyokatwa kwenye tyubu ya baiskeli. Inavutika kama manati kabla ya kukatika, na jua likiila hujui itakatika lini. Tumeitaja tu ili isije ikasemwa tumeisahau.

Klipu ya kamba ya kitambulisho

Kigoma ni mkoa wa semina na mashirika, na kila semina ina kamba za vitambulisho. Baada ya miezi zinaishia kwenye droo. Siyo kamba zote zinazofaa. Tafuta zile zenye klipu ndogo ya plastiki nyuma ya shingo, ambayo ukivuta pande mbili inachomoka bila kubonyezwa. Imewekwa ili kamba ikinaswa kwenye mashine au mlangoni isimnyonge aliyeivaa. Kazi ileile ndiyo tunayoitaka kwenye fimbo: kuachia kwa nguvu ndogo, na kufungwa tena bila kutumia kifaa.

Kabla hujashona chochote, pima klipu yenyewe. Tumia mzani wa ndoano, ule wa kuning'iniza kama wa wauza samaki wa Kibirizi. Funga upande mmoja wa kamba kwenye nguzo au jiriwa, tia ndoano ya mzani upande wa pili, vuta polepole huku mwenzako akisoma. Rudia mara tano. Klipu hizi hazilingani: kuna zinazoachia kwenye kilo mbili, kuna zinazovumilia hadi nne au tano. Ile ambayo masomo yake yanarukaruka sana, tupa. Inayotoa masomo yanayokaribiana ndiyo ya kushona.

Hapa ndipo hesabu inapoingia, na ndipo mafundi wengi wanapokosea pasipo kujua. Kitanzi cha mkanda kina miguu miwili inayotoka kwenye kishikio. Mkono ukikivuta, kila mguu unabeba takribani nusu. Ukishona klipu kwenye mguu mmoja tu, klipu ya kilo tatu itaachia mkono unapovuta karibu kilo sita. Ukiiunganisha miguu yote miwili kuwa utepe mmoja kisha ukaweka klipu hapo, itaachia kwenye kilo tatu zilezile. Klipu moja, mikanda miwili tofauti kabisa.

Sisi tunapendelea mkono uachiwe kati ya kilo tano na nane. Chini ya hapo, kuizungusha fimbo kwa nguvu au kunaswa kidogo na nyasi kunaifungua na mtumiaji anachoka kuifunga. Mwishowe anaifunga fundo, na hapo tumerudi mwanzo. Juu ya kilo kumi hatuoni tena tofauti ya maana na mkanda wa kawaida. Kwa hiyo klipu ya kilo tatu au nne iende kwenye mguu mmoja. Klipu ya kilo tano inafaa kwa miguu iliyounganishwa, na ina faida moja zaidi: ikiachia, kitanzi kinabaki mkononi na fimbo inaanguka tupu, hakuna mkia wa utepe unaoning'inia kwenye fimbo ukisubiri kunaswa.

Kushona kwenyewe ni hivi. Utepe unakatwa sentimita tano kutoka kwenye kishikio, upande wa nje wa mkono, ili klipu isikae juu ya mfupa. Miisho iunguzwe kwa kiberiti cha gesi mpaka nyuzi ziyeyuke na kushikana. Usiiache iwe na donge gumu, litakwaruza. Kila mwisho unapitishwa kwenye tundu la klipu na kukunjwa sentimita mbili na nusu hadi tatu. Ikiwa utepe wa fimbo ni wa milimita 20 au 25 na tundu la klipu ni la 15, kunja kingo mbili ndani kabla ya kupitisha, usizikate, maana utepe uliopunguzwa ubavuni hufumuka. Mshono uwe wa mraba wenye msalaba ndani, hatua za milimita tatu, uzi wa nailoni uliopakwa nta ya mshumaa. Uzi wa pamba unaoza kwa jasho. Ukimaliza, utepe uwe umelala bapa mzunguko mzima. Ukikuta umejipinda mara moja, fumua, kwa sababu pindo hilo litakata ngozi kati ya gumba na shahada kabla hujafika mtoni.

Kisha pima tena, safari hii mkanda ukiwa kwenye fimbo: kishikio kimebanwa, ndoano ya mzani ndani ya kitanzi mahali mkono unapokaa. Vuta kwa mbele, vuta kwa juu, vuta kwa pembeni. Somo la pembeni likiwa kubwa mno kuliko mengine, klipu imeegemea ukingo wa kishikio na inabanwa. Isogeze nje sentimita moja.

Kinachopotea ni ule uwezo wa kuegemea. Klipu inayoachia kwa kilo sita haiwezi kubeba mtu anayeubwagia mkanda mwili wake wakati wa kupanda. Kwa Gombe, ambako safari nyingi ni za saa chache na hatari iko kwenye kushuka, tunaona ni biashara nzuri. Kwa Nkungwe, na mzigo mgongoni, wapandaji wengine watataka mkanda wa kawaida kwa kupandia, kisha kuuvua kabisa wakati wa kushuka. Ni mpango halali. Wasisahau tu kuuvua, na walioisha pumzi kileleni husahau.

Mafundi

Kazi hii inafanywa na fundi viatu au na fundi mabegi, na hao hawashoni sawa. Fundi mabegi ana cherehani, mshono wake unapendeza, ila uzi wa cherehani zao nyingi ni mwembamba na sindano haipiti vizuri kwenye kunjo nne za utepe. Inaruka hatua, na hatua iliyorukwa huioni mpaka imefumuka. Fundi viatu wa chini ya mti, mwenye sindano ya mkono, anatumia uzi mnene na kila hatua anaikaza kwa mkono. Si nzuri kwa macho. Kwa mkanda wa fimbo tungempa yeye. Fimbo mbili zinamalizika wakati ukisubiri, na bei haizidi ya sahani mbili za ugali na mgebuka, mradi klipu na utepe umeleta mwenyewe.

Lalamiko letu ni moja na linatokana na uhodari wao. Fundi akiona klipu inachomoka kirahisi anaihesabu kuwa mbovu. Ukigeuka tu, ameshaiongezea mshono juu ya maungio, au ameidondoshea gundi ya supa. Atakuambia, "Bosi, hii ingekuachia njiani." Mwambie mapema, kabla hajashika sindano: "Fundi, nataka iachie. Ikigoma kuachia sitalipa." Kisha ivute mbele yake mara mbili tatu aone. Akishaelewa sababu, wengine hupendekeza mambo mazuri, kama kutumia uzi mwekundu kwenye fimbo ya kushoto ili usizichanganye. Hilo si urembo: mikanda mingi ya kisasa ina upande, ule ulio laini ndani, na ukibadilisha mikono mshono unakaa juu ya ngozi.

Ukikutana na fimbo za theluji kwenye mitumba

Fimbo zisizokunjika, zenye kisahani kipana na kishikio cha plastiki ngumu chenye mabonde ya vidole, ni za kutelezea kwenye theluji. Wauzaji huziuza kama fimbo za wazee. Chuma chake ni kizuri, lakini tazama mambo matatu. Urefu umeandikwa kwa sentimita karibu na kishikio, 115, 120, 125. Kwa kutembea, kiwiko kiwe pembe mraba ukiwa umesimama tambarare, na mtu wa sentimita 170 atahitaji kama 115. Ikiwa ndefu, ikatwe juu, si chini kwenye ncha: mimina maji ya moto juu ya kishikio kwa dakika kadhaa, kizungushe kitoke, kata kwa msumeno wa chuma, lainisha kwa tupa, rudisha kishikio kikiwa bado cha moto. Kisahani kipana kitoe au kipunguze kibaki na upana wa sentimita tano hivi, kwa sababu hicho ndicho kinachonaswa na mitambaazi. Na mkanda wake mara nyingi umeshikwa kwa skrubu chini ya kifuniko cha juu ya kishikio: inua kifuniko kwa ncha ya kisu, fungua kwa bisibisi ya nyota, toa mkanda wote nje, ukashonwe mezani badala ya kushonwa ukiwa kwenye fimbo.

Wakati wa kuvua, hata ukiwa na mkanda bora

Kwenye boti. Hakuna ubishi hapo. Ukipanda boti Kibirizi au ukishuka Kasekela ukiwa majini hadi magotini, fimbo zote zishikwe kwa mkono mmoja, bila mkanda, au apewe aliyekwisha panda.

Mbele ya sokwe. Mahale barakoa ni lazima, na kuivaa kunataka mikono miwili kwa haraka. Mwongozaji anaweza pia kuagiza fimbo ziwekwe chini. Mkanda wa klipu unafaa hapa kuliko wowote: unanyakua mkono tu. Ila mlio wa plastiki kuchomoka unasikika porini, kwa hiyo ufungue kabla hamjafika.

Na kila mara mnapoacha njia kuingia kichakani. Klipu inapunguza madhara ya kunaswa, haizuii kunaswa.

Baada ya klipu kuachia kwa nguvu kwenye anguko la kweli, itazame kwenye mwanga. Ikiwa na mstari mweupe kwenye shingo ya plastiki, imeanza kuchanika na itaachia kwa uzito mdogo zaidi mara ijayo. Jua nalo linafanya hivyo polepole, hasa kwa fimbo zinazohifadhiwa juu ya paa la boti. Beba klipu mbili za akiba zilizokwisha pimwa, sindano nene na mita mbili za uzi uliopakwa nta, kwenye mfuko mmoja na dawa ya malengelenge.